Mgongo Nilioutia Kwenye Uwanja wa Magari ya Rimoti

Ashukuriwe Mungu Baba, aliyetufinyanga kwa udongo wala hakuona aibu kuchafua mikono yake. Ashukuriwe kwa masika na kwa kiangazi, kwa magoti yangu ambayo bado yanakunjika kanisani, ingawa kunyooka yanataka kubembelezwa, na kwa kunifikisha umri huu bado nikiwa na meno ya kutosha kucheka. Amina.

Vijana wangu, mimi nimefanya kazi moja tu maishani. Niliendesha greda. Kwa ninyi mliozaliwa lami ikiwa imeshafika mjini, greda ni lile gari refu lenye kisu tumboni, linalochonga barabara ya udongo ikae sawa. Miaka zaidi ya thelathini nilikaa juu ya kiti chake, nikienda Mlimba na kurudi, Mang'ula na kurudi, na siku za kivuko nikavuka nalo mto kwenda Malinyi huku nikisali rozari yote, mafungu yote, kwa sababu kivuko kile kilikuwa kinapiga kelele mahali ambapo chombo cha majini hakipaswi kupiga kelele. Mpaka leo mtaani wananiita Babu Greda. Jina la ubatizo linajulikana na mke wangu na padri tu.

Mmeniomba niwaandikie habari za kazi. Nilidhani mngetaka kusikia habari za barabara kubwa. Kumbe mnataka ile ya uwanja wa Deo, ile ambayo mlikuwepo wenyewe na mkacheka mpaka mkashika mbavu. Haya, nitawaandikia. Anayejua kuwacheka wenzake lazima ajue kusimama achekwe.

Deo ni fundi simu pale Kibaoni. Wateja wakipungua, hutengeneza magari ya kuendeshwa kwa rimoti. Mota anaitoa kwenye hiki, betri kwenye kile, anaunganisha kwa waya mwembamba kama unywele. Gari lenyewe linaenea kwenye beseni la kunawia mikono, lakini likikimbia hulifuati hata kwa baiskeli. Siku moja alikuja nyumbani kwangu akiwa na Zuhura, mshona nguo wa Mlabani, ambaye katika kuyaendesha hayo magari anawashinda wanaume wote. Wanaume wenyewe wanasema hapana, ni kwamba gari lake ni jepesi.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Mmekuja kunisalimia au mmekuja kunitumia?"

"Vyote, Babu," akasema Zuhura. Nikampenda hapo hapo kwa ukweli wake.

Shida yao ilikuwa hivi. Deo alikuwa amepata kiwanja Lumemo, kipande kilichokuwa magugu na kichuguu. Alikifyeka na kukichimbua kwa miezi, kila siku baada ya kufunga meza yake, mpaka akapata njia ya kushindania yenye umbo la yai. Vijana wakaanza kuja na magari yao. Tatizo ni kwamba nyuma ya kona ya juu ya lile yai kuna genge la Mama Anjela, ambaye hukaanga samaki jioni na kuuza na ugali. Kila magari yakipita, vumbi linainuka, linaenda kukaa juu ya perege wa Mama Anjela kama limealikwa.

Mama Anjela hakupiga kelele. Alikwenda kwenye mkutano wa mtaa na sahani. Akaiweka mbele ya mwenyekiti, akafunua kawa, akasema, "Mwenyekiti, karibu ule." Mwenyekiti akamtazama samaki, samaki akiwa na rangi ya tofali, akasema ameshiba. Hukumu ikatoka hapo hapo. Vijana wapewe usiku mmoja wa Jumamosi wa kujaribu, mbele ya mwenyekiti mwenyewe. Vumbi likiingia tena kwenye chakula cha mama huyu, kiwanja atapewa bwana mmoja aliyekuwa amekiomba kwa ajili ya kufyatua matofali. Sharti ni hilo moja, vumbi.

"Kwa hiyo ndiyo hivyo, Babu," Deo akasema. Alikuwa anaangalia viatu vyake. "Jumamosi ikiharibika, nimelimia mtu wa matofali."

Mimi nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka kwa raha. Miaka thelathini nimefukuzana na vumbi la bonde hili. Limenijaa puani, masikioni, kwenye chakula, kwenye kitabu changu cha sala. Kila mwaka Jumatano ya Majivu padri anaponikumbusha kwamba mimi ni mavumbi, huwa nasema moyoni, Baba, mimi hilo nalijua kuliko wewe. Na sasa watoto hawa wananiuliza mimi habari za vumbi. Nikavaa kofia yangu ya kazi, tukaenda.

Nilipofika uwanjani niliinama nikaushika udongo. Walikuwa wameleta tifutifu la mashambani, lile la mpunga likikauka, wakalichekecha kwa chekeche kama unga wa maandazi, wakalitandaza kwa kiganja. Lilikuwa zuri kutazama. Ungeweza kulipaka mtoto baada ya kuoga.

"Nani aliwaambia mweke poda?"

"Tulitaka iwe laini, Babu. Magari ni madogo."

"Na samaki wa Mama Anjela je, ni wadogo?"

Hapa niwaambie jambo nililofundishwa na Mzee Ngonyani, Mungu amlaze pema. Yeye ndiye aliyenifundisha greda. Alikuwa mtu wa Songea, mfupi, hasemi sana, na alichukia sifa kuliko alivyochukia mvua ya ghafla. Siku yangu ya kwanza nilipanda juu ya mashine, nikakaa nimenyoosha shingo watu wanione. Akaniangalia kutoka chini, akasema, "Shuka. Greda halina pedeli ya sifa." Wiki nzima hakuniruhusu kupanda tena. Alinitembeza barabarani kwa miguu, akinifanya nishike udongo. Chukua konzi, alisema, ubane, kisha ufungue mkono. Udongo ukimwagika, ni mkavu, ukiuchonga utakuwa unatengeneza vumbi tu. Ukikuachia tope kiganjani, ni mbichi, ngoja. Ukibaki na alama za vidole, na ukiugusa unakatika vipande viwili, huo ndio wakati, panda mashine na usisimame kunywa chai. Nimeona wahandisi wakija na vipimo kwenye masanduku, wakapima asubuhi nzima, wakatuambia jibu ambalo Ngonyani alikuwa ameshalipata kabla hawajashuka kwenye gari. Sisemi vipimo ni vibaya. Nasema mkono haukuhitaji betri.

Somo hilo nililisahau siku moja, likanifunza adabu. Alikuwa anakuja mgeni mkubwa kutoka mjini kukagua barabara. Ilikuwa kiangazi kikali. Bosi akasema ichongwe upya, ing'ae. Ngonyani alikuwa likizo. Nikachonga kavu. Jamani, ilipendeza, nyekundu, nyororo, kama shuka la harusi. Watoto wa shule wakapangwa pembeni na sare nyeupe. Msafara ukapita magari tisa. Vumbi lilipotulia, hapakuwa na mtoto mwenye sare nyeupe, wala mwenye macho mawili yaliyo wazi, na wimbo wa mapokezi ulikuwa umegeuka kikohozi. Mgeni mwenyewe hakufungua kioo. Kesho yake kwenye redio walisema amefurahishwa na barabara. Ndipo nilipojua kwamba kuna watu barabara wanaikagua kwa kufumba macho, na ndiyo maana makandarasi wengine wanaweza kutandaza kifusi chembamba kama siagi kwenye mkate wa mgonjwa, wakalipwa, wakapigiwa makofi.

Turudi Lumemo. Niliwaambia Deo na wenzake waondoe ile poda yote. Wakaguna. Nikawaambia walete kifusi chekundu chenye vijiwe vidogo, wakichanganye na udongo mweusi wa mbugani, sehemu tatu kwa moja, ili huyu ashike na yule abane. Wakaguna kidogo. Nikawaambia tutafunga vumbi kwa molasi.

"Molasi ipi, Babu?"

"Ile ya ng'ombe. Ile inayobaki wakishatengeneza sukari."

Hapo hawakuguna, walicheka kabisa. Kijana mmoja mwenye kofia iliyogeuzwa nyuma akasema, "Babu, sisi tunataka mashindano, hatupiki kashata." Wengine wakapigiana viganja.

Nikawasimulia. Zamani niliazimwa pamoja na greda langu kwenda kwenye mashamba ya miwa. Kulikuwa na barabara inayopita mbele ya nyumba za wafanyakazi, na wanawake walikuwa wamechoka kufua mara mbili. Msimamizi akaniambia, mwaga molasi, inashika vumbi. Hakusema kiasi. Mimi, kwa akili zangu, nikaona kama kidogo kinashika, kingi kitashika zaidi. Nikaimwaga nzito, bila maji, barabara nzima. Vumbi lilikoma, hilo sikatai. Lakini asubuhi walikuwepo nyuki. Baada ya nyuki wakaja sisimizi, mstari kutoka kwenye miwa mpaka jikoni kwa watu. Baada ya sisimizi wakaja mbuzi, wakalala barabarani kulamba, hawasikii honi. Mwanamke mmoja Msukuma alitoka mlangoni, kiatu chake kikabaki nyuma kimenasa, akageuka akaniambia kwa upole, "Baba, vumbi lilikuwa linafulika." Ngonyani alipokuja kuona, hakunikemea. Alivua viatu vyake, akaviacha pembeni, akatembea katikati ya ile barabara hatua tano, akarudi, akasema, "Maji kumi, molasi moja. Mwaga jua likizama. Shindilia asubuhi." Akaenda kunawa miguu.

Kwa hiyo hicho ndicho kipimo: maji kumi, molasi moja. Andikeni mahali.

Vijana hawakuamini. Siku mbili baadaye Deo akaja mbio na simu yake. Amekuta huko ughaibuni watu wanaoshindana magari kama haya wanamwagia njia zao maji ya sukari, vumbi linakaa, na matairi yanashika vizuri. Akanionyesha picha. Yule wa kofia akatikisa kichwa kwa heshima kubwa, akasema, "Hii ni sayansi." Nikamtazama. Niliposema mimi ilikuwa kashata. Iliposema simu ikawa sayansi. Nikamrudishia Deo simu yake; mtu mzee anayeshindana nayo hujichosha bure.

Tukafanya kazi wiki nzima, asubuhi kabla hawajaenda kwenye shughuli zao, na mimi nimekaa kwenye kigoda natoa amri. Tulijaza pipa mchanga na maji, tukalitia mhimili wa chuma, tukalifanya rola. Tulipima kwa kamba. Na hapa ndipo dhambi yangu ilipoingia, polepole, ikiwa imevaa nguo za kazi.

Mtu wa barabara ana amri moja iliyo juu ya zote. Katikati ya barabara lazima pawe juu kuliko pembeni, ili maji yashuke kushoto na kulia, yaende mtaroni. Huo tunauita mgongo. Ngonyani alikuwa anasema barabara isiyo na mgongo ni mto unaosubiri maji. Nimeutia mgongo kwenye kila njia niliyowahi kuichonga, hata njia ya kutoka nyumbani kwangu kwenda chooni ina mgongo. Basi na uwanja wa Deo nikautia mgongo. Njia nzima, kuzunguka yai lote, nikainua katikati, nikashusha pande mbili, nikashindilia mpaka ikalia ngo ngo ukiigonga.

Deo alichuchumaa kwenye kona, akafumba jicho moja.

"Babu, hapa katikati mbona pamepanda?"

"Huo ni mgongo. Maji yaende wapi?"

"Sasa hivi ni kiangazi, Babu."

"Kiangazi nacho huisha. Wewe umeshawahi kujenga barabara?"

"Hapana, Babu."

"Basi."

Akanyamaza kwa heshima. Zuhura alifungua mdomo, akamtazama Deo, akaufunga. Heshima ni kitu chema, wanangu, na mimi ni wa kwanza kuidai. Lakini siku ile heshima yenu ndiyo iliyoniponza, na kiburi changu ndicho kilichoidai.

Jumamosi ikafika. Taa zilitundikwa kwenye miti minne, waya zikipita juu kama kamba za kuanikia. Mama Anjela alikuwa amewasha jiko lake, mikono imekunjwa, anatazama uwanja kama shahidi wa mashtaka. Mwenyekiti aliletewa kiti chenye mito. Akatoa hotuba kuhusu vijana na teknolojia, ndefu kuliko mashindano yenyewe, mpaka betri ya gari la mtu ikaisha likiwa limesimama kwenye mstari.

Magari manane yakaondoka. Vijana wangu, siwafichi, machozi yalinilengalenga. Vumbi halikuwepo. Magari yalipita yakivuma kama nyigu, na chini yake udongo umetulia, mwekundu uliokoza, unang'aa kidogo chini ya taa. Mwenyekiti akainama kutazama. Mama Anjela akapitisha kidole juu ya meza yake, akakiangalia, akakifuta kwenye kanga. Nikakaa vizuri kwenye kigoda. Nikatazama kushoto na kulia kama kuna mtu anayetaka kunisalimia.

Kisha gari la kwanza likatoka kwenye kona ya juu. Lilikuwa linampita mwenzake kwa upande wa nje, likateleza, likaruka ukingo, likatua ndani ya ndoo ya Mama Anjela ya kuoshea vyombo. Watu wakacheka. Nami nikacheka.

"Haraka," nikasema kwa sauti. "Haraka haina baraka."

La pili likatoka pale pale. Likapita chini ya benchi, katikati ya miguu ya mtu aliyekuwa anakula, akainua miguu yote miwili na sahani yake bila kumwaga hata tone la mchuzi. La tatu, la yule kijana wa kofia, likapanda meza na kuingia kwenye kachumbari.

"Hawa wanaendesha kama wanavyoandika kwenye simu," nikamwambia mwenyekiti. "Hawatazami mbele. Sisi tulikuwa tunapewa leseni baada ya kupimwa macho." Mwenyekiti akacheka sana. Nikaongeza nyingine, na nyingine. Kila gari lililoruka nilikuwa na neno. Nilikuwa nafurahi kupita kiasi, na nilipaswa kujua kwamba nikifurahi hivyo kuna jambo sijaliona.

Mama Anjela alikuwa anayaokota magari moja moja. Hakuyarudisha. Aliyafuta kwa kitambaa akayapanga mezani kando ya samaki, kichwa huku, mkia kule, kama ya kuuza. Yalikuwa yamefika matano. Mteja mmoja akauliza hili la bluu ni la nazi au la kukaanga.

Mwenyekiti akaacha kucheka. "Hapana," akasema. "Vumbi sawa, halipo. Lakini huu ni uhuni. Vijana hawa hawana nidhamu, wataumiza watu. Nafikiri yule bwana wa matofali..."

Deo alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwetu na alisikia. Alishika rimoti kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika kofia yake msibani. Miezi yake yote ya kufyeka na kuchimbua ilikuwa inaondoka kwa sentensi moja ambayo ilikuwa haijamalizika.

Ndipo Zuhura akaja. Gari lake lilikuwa la tano pale mezani. Kwa raundi zote alikuwa ameshika upande wa ndani, anakwenda kama amechorwa, na mimi nilishamsifu mbele ya watu kwamba huyu ndiye dereva pekee. Mara moja tu alijaribu kumpita mtu kwa nje, akaruka kama wengine. Alipita kwa Mama Anjela, akaomba limau moja, akachuchumaa mbele ya kigoda changu.

"Babu, shikamoo tena."

"Marahaba."

"Naomba twende wote pale kwenye kona. Sina neno, nataka uone kitu."

Nikasimama, magoti yakilalamika. Magari yakasimamishwa. Zuhura akaniwekea limau mkononi. "Liweke katikati ya njia, halafu lisukume kidogo tu kwa nje. Kidogo kabisa."

Nikaliweka. Nikaligusa kwa kidole. Limau likaanza kuviringika taratibu, likaongeza mwendo, likashuka upande wa nje wa mgongo wangu, likavuka ukingo, likaenda moja kwa moja mpaka miguuni pa Mama Anjela, mwenye limau.

Zuhura akainua macho akanitazama. Nami sikuhitaji kuambiwa. Mtu wa greda anajua mteremko akiuona. Nilikuwa nimewajengea watoto barabara ya kumwaga maji, na magari yao nayo yakamwagika. Kwenye kona upande wa nje ulipaswa kuwa juu, ili gari liuegemee lisitoke. Mimi niliushusha, nikaushindilia, nikauwekea molasi usibomoke. Kila gari lililoingia kwenye kachumbari nililirusha mimi, kisha nikakaa kwenye kigoda nikamcheka dereva.

Nimezoea kuungama. Naungama tangu nikiwa mtoto, na nilisoma dini kwa mapadri miaka miwili, najua namna ya kuzipanga dhambi. Lakini nimezoea kuungama gizani, nyuma ya kijidirisha, kwa mtu mmoja aliyeapa kunyamaza. Mbele ya watu wanaokula samaki sikuwa nimezoea. Shetani akaninong'oneza kwamba mwenyekiti hajaelewa limau, kwamba nikikaa kimya lawama itabaki kwa vijana, nao vijana wamezoea lawama.

"Mwenyekiti," nikasema, "vijana hawana kosa. Kona hii nimeiharibu mimi."

"Wewe, mzee?"

"Mimi. Deo aliniuliza, nikamnyamazisha."

Kulitokea sauti moja huko nyuma, sijui ya nani na wala sitaki kujua: "Babu apimwe macho." Kicheko kilichofuata kilisikika, nadhani, hadi Mlabani. Nilikipokea. Kilikuwa changu.

Mwenyekiti alipata shida. Mtu aliyekwisha kuitisha matofali hapendi kuyarudisha. "Hata hivyo," akasema, "mama huyu amesumbuliwa. Mama Anjela, sema wewe. Si umesumbuliwa?"

Mama Anjela aliliokota limau, akalipangusa, akalirudisha kwenye sahani yake.

"Mwenyekiti, mimi nilikuletea lalamiko la vumbi. Uliniambia utawapima kwa vumbi. Vumbi limeingia kwenye chakula changu leo?"

"Halijaingia, lakini..."

"Basi usinitungie lalamiko lingine. Nikiwa nalo nitalileta mwenyewe, na sahani nitaleta." Akanigeukia mimi. "Huyu mzee ndiye asiondoke. Aifumue kona yake sasa hivi. Watoto hawa wameniletea watu, nami nina samaki bado. Na kachumbari yangu atailipa kwa jembe."

Nikapewa jembe. Wanangu, mliona wenyewe, sina haja ya kupamba. Mzee wa miaka sabini na kitu, chini ya taa, anabomoa kazi yake aliyoishindilia kwa maringo, na ilikuwa ngumu kama jiwe kwa sababu niliishindilia vizuri. Hiyo ndiyo adhabu ya fundi mzuri: kosa lake nalo ni imara. Nilichonga upande wa nje wa mgongo, nikavuta udongo mpya kuuinua ukingo. Zuhura akamwagia maji na molasi iliyobaki kwenye dumu. Yule wa kofia akaja na gunia lenye mchanga, akasimama upande wangu, akaanza kushindilia bila kuambiwa. Hakuigeuza kofia, lakini alinipokea jembe pumzi iliponiishia.

Deo alichuchumaa mwisho wa kona, jicho moja limefumbwa, kama siku ile.

"Babu, bado," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama anaogopa. "Ukingo wa nje ongeza kama vidole viwili."

Mkono wangu ulitaka kubisha. Miaka thelathini ilitaka kubisha.

"Wapi, fundi?" nikamuuliza.

Akanionyesha kwa kijiti. Nikaongeza. Akasema tena pale, nikaongeza pale. Akachukua konzi ya udongo, akaibana, akafungua mkono, akaukata kwa kidole vipande viwili, akatikisa kichwa kwamba sawa. Sikuwahi kumfundisha. Alikuwa amenitazama tu wiki nzima nikifanya.

Mama Anjela aligawa magari yake matano, kila mwenye gari akaja kumwamkia kwanza ndipo akapewa. Yakaondoka tena. Raundi ya pili, kwenye kona ya juu, Zuhura akashika upande wa nje kuwapita wawili. Nilishika mti wa taa. Gari likalala kidogo, likaegemea ukingo, likakaa, likazunguka, likatoka mbele yao. Hakuna aliyepiga kelele pale gengeni. Waliendelea kula. Mama Anjela alikuwa ameshageuka, anampimia mtu ugali.

Mwenyekiti aliondoka kabla ya raundi ya mwisho, akasema kiwanja kibaki kama kilivyo. Akasema pia kwamba wazo la kuifumua kona lilikuwa lake tangu mwanzo. Tukampigia makofi.

Sasa wewe unayesoma haya, uwe wa Kibaoni au wa ng'ambo ya mto, Mungu akupe mikono inayojua kazi na masikio yanayomsikia mdogo wako akiuliza. Akupe wakubwa wanaokubali kushuka kwenye kigoda. Unapokosea, akukosoe mapema, kwa mkono mpole, na chakula kikiwa bado cha moto. Roho yako aitunze, na njia unayoipita ainyooshe yeye mwenyewe. Amina.